Takriri konsonanti: vua viambishi kwanza, ndo uhesabu

Juzi usiku baada ya isha nimekaa barazani hapa Langoni, Lamu, na kikombe changu cha kahawa tungu, akaja mtoto wa dada yangu na karatasi ya mtihani mkononi, yuko kidato cha tatu, uso umemshuka. Swali lilitaka watoe mfano wa takriri konsonanti kwenye ubeti waliopewa na waeleze kazi yake, na yeye akazungushia peni kila neno linaloanza na m, maneno kumi na moja, akapewa sufuri. Akaniuliza, "Mjomba, si ni sauti moja inajirudia? Sa kosa langu liko wapi?" Na mi nikaona swali lake ni la haki kabisa, maana alivyofundishwa ndo alivyofanya, na alichofundishwa ni kanuni ya Kiingereza iliyovalishwa kanzu. Tukakaa mpaka karibu saa tano tunapekua methali moja baada ya nyingine, na haya ndo tuliyoyapitia, nimeyapanga kwa hatua ili na wewe ukitaka kumfundisha wako au kujifunza mwenyewe usipotee pale alipopotea yeye.

Jina kwanza, tusigombane baadaye. Takriri ni kurudiarudia. Ukirudia neno zima hiyo ni takriri ya neno, ukirudia irabu ni takriri irabu, ukirudia konsonanti kwenye maneno yaliyo karibu karibu ndo hii yetu ya leo.

Hatua ya 1: Usitazame, sikiliza

Soma ubeti kwa sauti. Si kwa moyo, kwa sauti, hata kama kuna watu wanapita. Kama unaona haya ingia ndani ujirekodi kwenye simu alafu usikilize umefumba macho, mi nafanya hivyo mpaka leo na siachi. Sababu ni kwamba takriri ni mambo ya sikio na herufi zinadanganya. "Samaki" na "shemeji" zote zinaanza na s kwenye karatasi lakini mdomoni s si sh. "Ghali" na "gari" si sauti moja. "Thamani" na "tamaa" vilevile, "dhiki" na "dada", "ng'ombe" na "ngoma". Mwanafunzi akikuandikia kwamba "ng'ombe wa ngoma" ni takriri ya ng mwambie asome tena polepole, mwenyewe atasikia.

Sisi wa pwani tuna zaidi ya hapo. Weka kiganja mbele ya mdomo useme paa la nyumba, alafu useme paa yule mnyama wa porini kama anavyosema bibi yako. Yule mnyama anatoka na pumzi, utaisikia inapiga kiganja, na paa la nyumba halitoi kitu. Fanya tena na kaa la moto na kaa wa mikokoni, utapata jambo lilelile. Kwenye maandishi hizi zimeandikwa sawasawa, kwa hiyo mtu anayehesabu herufi hana habari kabisa na kitu ambacho mtunzi wa huku alikuwa anakisikia kila siku.

Na kumbuka tendi za zamani za Lamu na Pate, yale mashairi marefu ya kusimulia, ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati ile asili yake haina p wala v, waandishi wengi walikuwa wanaandika b wakasoma p, wanaandika f wakasoma v. Yaani ukiitazama hati kwa macho huwezi kujua kama pale pana takriri ya p au ya b mpaka mtu aisome. Shairi lilikuwa linakaa kwenye koo la msomaji, karatasi ilikuwa ya kumkumbusha tu.

Hatua ya 2: Vua viambishi

Hapa ndo kiini, na hapa ndo yule mtoto alipoangukia. Kile kitanza ndimi cha Kiingereza cha Peter Piper kilichochapishwa London mwaka 1813, ambacho karibu kila neno linaanza na p, kila mtu anakijua, na walimu wanakipenda kwa sababu ukitazama herufi ya kwanza ya kila neno umemaliza kazi, Kiingereza neno kwa kawaida linaanza na mwili wake. Kiswahili hakiko hivyo. Neno letu linaanza na nguo, mwili uko ndani. Kuna kiambishi cha ngeli, kuna cha nafsi, kuna cha wakati, na ngeli zetu zina tabia ya kuwavalisha maneno yote sare moja kama watoto wa madrasa siku ya maulidi.

Angalia sentensi hii ya kawaida tu, mama anasema jikoni: "Vitu vyangu vyote vimevunjika." Hesabu v. Ziko tano. Je huyu mama ametunga shairi? La, ametoa habari ya hasara yake. Ngeli ya KI-VI imemlazimisha, hana ruhusa ya kusema vingine. V nne ni za sarufi na moja tu ndo ya neno lenyewe, ile ya -vunj-.

Sasa nikupe kipimo ambacho kwangu ndo bora kuliko vyote: toa nomino, weka nyingine ya ngeli tofauti, alafu tazama sauti ipi imehama na ipi imebaki. "Sahani zangu zote zimevunjika." V nne zimeondoka, moja imekwenda na vitu na tatu zimekuwa z, ile ya -vunj- imebaki peke yake. Zilizohama zilikuwa sare, iliyobaki ni mwili.

Fanya na hii: "Alikata kamba kwa kisu kikali." Mwanafunzi mwenye haraka ataona k nyingi atafurahi. Toa kisu, weka shoka: "Alikata kamba kwa shoka kali." Umeona? Ki- mbili zimekwenda zake, lakini ka ya -kata, ka ya kamba na ka ya -kali zote ziko palepale, na zote ndo silabi inayopigwa mkazo kwenye neno lake, kaa-ta, kaa-mba, kaa-li, ukisoma kwa sauti unazisikia zinagonga kama mtu kweli anakata. (Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mtunzi anayejua kazi yake anaipeleka sauti yake pale.) Hiyo ndo takriri konsonanti, hata kama neno la kwanza kwa macho linaanza na a.

Sa tumrudie mtoto wetu. Ubeti wake siwezi kuuweka hapa lakini ulikuwa na mambo ya namna hii: "mama mrembo mwenye madaha mengi." M m m m m, ukiitazama inapendeza. Vua. Mrembo ni m-rembo, mwenye ni m-enye, madaha ni ma-daha, mengi ni ma-ingi. Kilichobaki na m ni mama peke yake. Nilipomvulia hivyo kwa peni mbele yake, kipande kwa kipande, akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kwa hivyo nilizungushia ngeli." Ndio mwanangu, ulizungushia ngeli.

Vitenzi ndo vinasahaulika zaidi kwa sababu vimevaa nguo nyingi. Alipepea mwili wake ni -pepe-, hupata ni -pata, walibebana ni -beb-. Chukua methali ya "Pwagu hupata pwaguzi", anayetazama mwanzo wa neno atakuambia sauti imekatika katikati na h. Haikukatika. Pwagu, pata, pwaguzi, neno kwa neno p inapasuka midomoni, mwizi mmoja anamwangukia mwizi zaidi yake.

Lakini sarufi nayo ina ujanja wake

Hapa naomba uende taratibu kwa sababu ukiishika hatua ya pili kwa nguvu sana utatupa na vizuri. Kuna mahali sauti inatoka kwenye ngeli kweli lakini ni msanii aliyeiita kwa makusudi. "Chanda chema huvikwa pete." Ch ya chanda ni kiambishi, ch ya chema ni kiambishi, kwa kipimo changu zote ni sare. Ila jiulize, kwa nini chanda? Si neno la kidole lipo? "Kidole chema huvikwa pete", maana ileile, ngeli ileile, na ch moja imekufa. Aliyesema chanda alikuwa na njia mbili akachagua ile yenye kugonga. Hiyo ni sanaa, haijalishi sauti imetoka mfuko gani.

Vilevile "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Angesema kinajiuza na kinajitembeza nani angemkataza? Lakini ameshika ile -a- fupi, ki ikagonga a ikawa cha, na methali nzima ikapata mwendo. Wengine husema kizuri chajiuza, mi sikatai, ila anayesema chema anasikia zaidi.

Na kile kitanza ndimi tulichokua nacho wote, "Wale watu wa Liwali wala wali wa Liwali." Liwali ndiye aliyekuwa akiutawala mji kwa niaba ya Sultani, hapa kwetu alikuwepo, Malindi na Mombasa vilevile. Wa- ya wale, watu na wala ni ya ngeli. Liwali haina ngeli ndani, w na l zake ni za kuzaliwa. Mtunzi wake amefanya nini? Amekaa akatafuta nomino ambazo sauti zake zinafanana na viambishi vya ngeli atakayoitumia, sarufi na msamiati wakashikana mikono na ulimi ukakosa pa kupita. Weka nyama ya ngamia mahali pa wali uone kama ulimi utateleza.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: angeweza kusema vingine? Kama hakuwa na njia nyingine, ni sarufi. Kama alikuwa nayo akaiacha, mpe haki yake.

Hatua ya 3: Umbali

Fupi hii. Sauti lazima ziwe karibu, kipande kimoja au mshororo mmoja, zikizidi sana mishororo miwili jirani. K ya ubeti wa kwanza na k ya ubeti wa tatu hazijuani.

Hatua ya 4: Usiichanganye na jamaa zake

Vina ni silabi za mwisho, za ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na za utao (nusu ya pili), na kwetu vina vina sheria, shairi la kimapokeo bila vina halikai. Takriri konsonanti haina sheria, ni pambo, unatia pale unapotaka. (Washairi wa Kiingereza cha kale kabisa wao walifanya kinyume, mshororo wao ulishikwa na konsonanti za mwanzo na vina havikuwa na lazima. Kwa hiyo usishangae vitabu vya kigeni vikiipa mbinu hii ukubwa mno.) "Mvumilivu hula mbivu" wengi wanaiweka kwenye takriri ya v, mi naona ile -ivu na -ivu ni kina kwanza, v imekuja ndani yake.

Tanakali za sauti ni kitu kingine, ile ni kuiga au kuonyesha jinsi jambo lilivyo, anguka chubwi, giza totoro, jaa pomoni. Kuna wakati zinakutana, kama tulia tuli, t na l zimerudi na papo hapo tuli ni tanakali. Ukikutana nayo taja zote mbili ueleze, hutapungukiwa.

Haraka haraka, pole pole, hizo ni takriri ya neno. "Hasira hasara" siyo, maneno ni mawili na maana ni mbili, lakini h, s na r zimekaa kwa mpangilio uleule na kilichobadilika ni irabu moja tu ya katikati. Kwa maneno mawili tu sijui kama kuna methali iliyobana kuliko hiyo.

Hatua ya 5: Isome kwa lahaja ya mwenyewe

Hii vitabu vya shule havisemi na inaniuma. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, wakakubaliana kwenye mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kamati ikaanza kazi 1930, lakini tendi za huku zilikuwa zimeshatungwa zamani kwa Kiamu, lahaja ya hapa Lamu. Ukizisomea sanifu unazibadilisha sauti. Sanifu "maji ya jana" ina j mbili. Sema Kiamu: mai ya yana. J ya kwanza imetoweka, ya pili imekuwa y, na ghafla ya na yana zimegongana, takriri nyingine kabisa ambayo kwenye sanifu haikuwepo. "Njoo njia hii" inakuwa ndoo ndia hii. Na yule mama wa jikoni, akiwa wa hapa Lamu atasema "Zitu zangu zote zimevundika", angalia jinsi lahaja yenyewe inavyokufanyia kile kipimo cha hatua ya pili, z zote sare, v imebaki peke yake imejitokeza.

Kwa hiyo kabla hujahesabu uliza mtunzi ni wa wapi. Kama huna hakika mtafute mzee wa huko akusomee, na ukimpata umrekodi.

Hatua ya 6: Inafanya kazi gani pale?

Kwenye karatasi ya tatu, ile ya fasihi, maksi nyingi zinapotelea hapa, mtu anataja mbinu alafu anaandika "inaleta mvuto" anaweka nukta. Mvuto gani? Nikamtungia yule mtoto ubeti papo hapo, mizani nane nane, yaani silabi nane kila mshororo:

Pepo pwani zapitia
punda pweke katulia
papo hapo akalia
mji wote wasikia

Tukavua. Mshororo wa kwanza pepo, pwani, -piti-, maneno yote matatu yana p mwilini. Wa pili punda na pweke, mawili. Wa tatu papo hapo, ile pa ni ya mahali, ni sarufi na ni msemo uliozoeleka, usiihesabie sana. Wa nne hakuna hata moja. P ni sauti ya midomo inayotoa pumzi, kwa hiyo upepo unasikika unapuliza, unapungua, unakata, na kwenye kimya hicho ndo punda analia na mji unasikia. Jibu la mtihani basi liandike hivi: "Mtunzi ametumia takriri ya konsonanti p katika pepo, pwani, zapitia, punda na pweke, sauti hii inaigiza mpulizo wa upepo, na kutokuwepo kwake katika mshororo wa mwisho kunadhihirisha utulivu uliofanya kilio cha punda kisikike." Mfano umetajwa kwa maneno yenyewe, kazi imefungwa kwenye maana ya ubeti huu na si ubeti mwingine.

Tahadhari tu, sauti haina maana ya kudumu. Kuna watu wanakariri eti s ni minong'ono, m ni huzuni, k ni ukali. S inanong'ona ukiwa maneno yanahusu siri, ukiwa maneno yanahusu mafuta ya samaki kwenye karai hiyo hiyo s inakaanga. Anza na maana, alafu uulize sauti inaisaidiaje.

Hatua ya 7: Andika yako

Hutaielewa vizuri mpaka uitumie. Chagua jambo kwanza, usichague herufi kwanza, ukianza na herufi utaishia na maneno yaliyolazimishwa kukaa pamoja. Sema unataka kuandika juu ya jahazi. Andika pembeni kila neno la jahazi unalolijua, tanga, foromali, demani, kamba, nanga, kusi, kaskazi, ngalawa, nahodha, alafu na vitenzi vyake, kaza, legeza, tweka, tua, tia. Sasa soma orodha kwa sauti, maneno yatajichagua yenyewe: tweka tanga, tua tanga, tia nanga. Usizidishe, mbili au tatu kwa mshororo zinatosha, ya nne msomaji anaanza kukuona wewe badala ya jahazi.

Jana yule mtoto akarudi na mshororo wake wa kwanza kaandika nyuma ya ile karatasi ya sufuri: "Kaskazi hukaza kamba." Hu- akaivua mwenyewe bila kuambiwa. Nikamwambia toa kaskazi weka kusi, akasoma, "Kusi hukaza kamba," akatulia akasikiliza, akasema kaza na kamba zimebaki mjomba lakini ile z ya kaskazi imekwenda, narudisha yangu. Akairudisha.

Wewe anza na hizi, zivue kisha uulize kama angeweza kusema vingine: "Haba na haba hujaza kibaba", "Sikio la kufa halisikii dawa", "Kinyozi hajinyoi". Ya kwanza nakusaidia: kibaba ni kipimo, vinne vinafanya pishi moja, na mtu angeweza kutaja pishi au gunia akaeleweka. Hizo mbili nyingine zina mtego mmoja, neno na kitenzi chake vimetoka mzizi mmoja, sikio na kusikia, kinyozi na kunyoa. Wapo wanaosema hiyo si takriri konsonanti kwa vile mzizi ni uleule. Mi naihesabu, kwa sababu sikio limeisikia.